Gunia la milioni kumi na moja

"Mwanangu, hiyo mashine yako imeona wapi gunia la mahindi la milioni kumi na moja?"

Ndivyo Hajati alivyonisalimia kwenye simu asubuhi, kabla hata sijanywa chai. Ana ghala Busia, upande wetu wa Uganda, na mimi ndiye niliyemwandikia programu ya kununua mahindi na kuwalipa wakulima kwa simu. Juzijuzi tulimwongezea wakala wa akili mnemba. Karani anaandika tu, "mlipe fulani magunia matatu", naye anapiga hesabu na kuita zana ya malipo, yaani kipande cha programu kinachotuma pesa. Siku hiyo mkulima alikuwa akidai shilingi 330,000. Wakala akaagiza 33,000,000. Kilichotuokoa ni floti, yaani salio la kulipia: haikufika hata robo ya hizo, malipo yakagoma.

Nilianza kwa kuilaumu modeli, yaani ile akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala, ndiyo desturi yetu. Kisha nikafungua maelezo ya zana, niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Jina: lipa. Maelezo: "Hulipa mkulima." Kiasi: namba. Basi. Sasa, mifumo mingi ya malipo duniani hutaka kiasi kitajwe kwa senti, kwa hiyo wakala alizidisha mara mia kama mtu aliyefundishwa vizuri. Shilingi ya Uganda haina senti. Hata kwenye orodha ya sarafu ya ISO 4217 imepewa desimali 0, ilhali ya Kenya, hatua chache ng'ambo ya mpaka, ina 2. Mimi nilijua, karani alijua, lakini zana haikusema.

Hapa kwetu ukisema "wakala" mtu anafikiria kwanza kibanda cha mobile money, na kibanda chenyewe kina somo. Binti mpya akiwekwa pale, siku ya kwanza anamchosha mwenye kibanda kwa maswali: mtandao ukikatika? Ujumbe ukichelewa? Mteja akikosea namba? Yule wa kwenye kompyuta mara nyingi haulizi, anakisia, tena kwa kujiamini. Na hana pa kuchungulia. Katika MCP, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024 ambayo wengi tunaitumia kuunganishia zana, kinachomfikia kuhusu zana ni jina lake, maelezo yake na orodha ya vitu vya kujaza. Msimbo wangu haoni. Tuliyokubaliana na Hajati chini ya mwembe ndiyo kabisa.

Baada ya hapo nilipitia zana zote, nikaona aibu. "Uzito: magunia." Gunia lipi? Kenya wanahesabu kilo 90, kwetu wengi 100, na ghala la Busia linapokea ya pande zote mbili. "Muda wa kupokea: saa." Karani akiandika saa mbili asubuhi, anamaanisha 08:00, kama yeyote anayehesabu saa kwa Kiswahili au Kiluganda. Wakala aliweka 02:00, lori likapangiwa kufika usiku wa manane.

Lililonikera zaidi ni jibu la malipo. Mfumo tunaotumia ukipokea ombi hurudisha namba 202, ambayo kwenye wavuti maana yake ni "nimepokea, kazi bado". Wakala akiisoma anatangaza, "Nimeshalipa." Au mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, naye anaamua kujaribu tena, na mkulima analipwa mara mbili. Hilo halitibiwi na modeli kubwa zaidi. Linatibiwa na sentensi mbili: usiseme imelipwa hadi uulize hali ya malipo, ukirudia ombi, tumia namba ya kumbukumbu ileile.

Rafiki zangu wa Kampala wananiambia napoteza muda, eti modeli zinaerevuka kila mwezi na zitajifahamia zenyewe. Zitajifahamia nini? Akili haimwambii mtu gunia la Hajati lina kilo ngapi. Hata profesa angeuliza.

Wapo pia waliokimbilia upande wa pili, wakabandika kwenye zana mwongozo mzima wa kurasa arobaini. Wakala anasoma yote hayo kila kazi, unalipia, na lile neno moja la maana linazama katikati. Maelezo yangu ya lipa sasa ni haya: "Hutuma pesa kwa simu ya mkulima mmoja. Kiasi ni shilingi kamili za Uganda, usizidishe: 330000 ni laki tatu na elfu thelathini. Namba ianze na 256. Haitumi nje ya Uganda. Jibu 'imepokelewa' si malipo, angalia hali_ya_malipo. Kikipita milioni mbili, simama umuulize karani." Kile cha milioni mbili nimekifunga pia ndani ya msimbo, maana maandishi peke yake hayazuii pesa kutoka.

Nilipompelekea karani asome kama kuna kosa, alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimchapishie nakala abandike ukutani juu ya mizani. "Kumbe hiyo 'imepokelewa' si kwamba pesa imefika?" Miaka miwili amekuwa akiisoma kwenye skrini na kuwaambia wakulima waende nyumbani.