Kutu ya siki si umri

Jumamosi iliyopita, kwenye gulio la vitu vya kale hapa Pennsylvania, muuzaji mmoja alinionyesha nguzo ya kufungia farasi, ile yenye kichwa cha farasi na pete mdomoni. "Ya 1870," akasema bila kupepesa macho. Dola 600. Nikainama. Kichwa kimekazwa kwa skrubu ya nyota. Skrubu ya nyota, jamani, kitu kilichoingia viwandani miaka ya 1930!

Nikamuuliza ilisubiwa, yaani chuma chake kilimiminwa, kiwanda gani. Akanijibu: "Tazama kutu hiyo."

Mori ukanipanda. Kutu! Siki, chumvi na wiki moja kwenye umande, hata sufuria yangu itasema ilimpikia Abraham Lincoln.

Ila tuseme ukweli, hawa tumewalea sisi wakusanyaji. Kutu tunailipia, kazi ya fundi hatuitazami. Nguzo hizi zilianzia kwa mchongaji. Alichonga kielelezo cha mbao, kikashindiliwa kwenye mchanga wenye unyevu, kikatolewa taratibu, kisha chuma kilichoyeyuka kikamiminwa palipobaki wazi. Chuma kikipoa hunywea, takriban milimita moja kwa kila sentimita kumi. Mchongaji alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa na rula yake yenye alama zilizotanuliwa kidogo, ili kitu kikishapoa kiangukie kwenye kipimo. Mghushi hana mchongaji wala rula. Anatwaa nguzo ya zamani, anaishindilia mchangani, na chuma kinanywea mara ya pili. Ya sentimita 120 inatoka pungufu kwa sentimita moja na ushee, na nywele za shingo ya farasi zimekuwa uji. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kumuumbua.

Najua kwa sababu nimeshalizwa. Dola 350. Ipo uani, naegeshea baiskeli.

Anayetaka kujua waliosubu walikuwa watu gani, aende New Orleans, Royal Street, autazame uzio wa mahindi uliotoka kwa wasubu chuma Wood & Perot wa Philadelphia: mabua, majani yaliyojikunja, mahindi yanayochungulia kwenye maganda. Chuma kitupu, lakini unatamani kuwasha jiko. J.W. Fiske wa New York naye alitoa katalogi zenye michoro; mtu anaweza kukaa na katalogi na nguzo akalinganisha hadi tundu la pua. Wauza kutu majina haya hawayataji kabisa.

Haya, nakala si dhambi. Unataka kichwa cha farasi getini pako, nunua kipya, kwa bei ya kipya. Na Portland kule Oregon, ambako pete za zamani za kufungia farasi bado zimo kwenye kingo za barabara na watu wanazifungia farasi wa plastiki, naomba wakusanyaji tusikanyage na mitalimbo yetu.

Zile nguzo zenye sanamu ya mtoto mweusi aliyenyoosha mkono apokee hatamu? Hapana. Hata iwe halisi, hata iwe ya bure. Mimi na rangi yangu hii, nimsimamishe mlangoni anipokelee wageni?

Basi, yule bwana wa dola 600. Nilipotoa futi kamba mfukoni, bei ilishuka hadi 200 kabla sijaikunjua.