Choo Changu Kimezamisha Meli

Mimi na shati lenye makunyanzi hatukai nyumba moja. Ndiyo maana, siku ya kufunga mizigo ya safari yetu ya kwanza ya meli ya kitalii, nilichimbia pasi chini kabisa ya sanduku, nikaifunika kwa suruali tatu. Mke wangu aliniona.

"Hiyo watakunyang'anya."

Nikamjibu kwamba meli yenye vyumba zaidi ya elfu moja haiwezi kutishwa na pasi moja. Akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua, ni kule kwa mtu anayeweka akiba.

Bandarini wapagazi walichukua masanduku, wakasema tutayakuta mlangoni kwetu kabla ya chakula cha jioni. Mke wangu, ambaye husoma kila karatasi mpaka yale maandishi ya sisimizi chini, alikuwa na begi la mkononi lenye nguo za kubadili. Mimi nilikuwa na miwani ya jua.

Tulipanda saa sita mchana. Vyumba havikuwa tayari, kwa hiyo abiria wote walikuwa wamehamia kwenye mkahawa wa kujipakulia, na upakuaji ule ungedhani kesho hakuna kula. Nami nikapakua, kilima tu cha kistaarabu, na juu ya kilima nikasimamisha bakuli la supu ya nyanya. Meli bado ilikuwa imefungwa gatini, imetulia tuli, hivyo mawimbi siwezi kuyasingizia. Supu ilinishuka kuanzia kola mpaka magotini.

Chumba kilipofunguliwa, sanduku hakuna. Mke wangu akaenda kutalii deki ya juu. Mimi nikavua, nikafua shati na suruali kwenye sinki la ukubwa wa bakuli la uji, nikazitundika kwenye kile kikamba kinachovutwa ukutani bafuni, nikavaa joho jeupe la taulo lililokuwa kabatini. Maji yalikuwa yanamwagika kwa kelele, ndiyo maana sikusikia tangazo lolote. Baadaye niliambiwa yalikuwa mawili.

Nikatumia choo. Sasa, choo cha meli si kama cha nyumbani. Hakimimini maji mengi, kinafyonza kwa nguvu ya hewa. Nilipobonyeza kitufe kilinguruma kama simba aliyekanyagwa mkia, nikaruka mpaka mlangoni. Na kabla moyo haujarudi mahali pake, meli nzima ikalia: milio saba mifupi, kisha mmoja mrefu.

Nikajua ni mimi. Nimebonyeza vibaya, nimetoboa kitu huko chini.

Nikanyakua jaketi okozi kabatini, nikalivaa juu ya joho, nikatoka mbio. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikwenda tezi, nikaenda omo, milango yote inafanana, zulia linafanana, na nilichokuta ni watu wanatembea taratibu, mmoja ana kikombe cha kahawa. Utulivu wao ulinitia uchungu. Masikini, hawajui!

"Ni choo!" nikapiga kelele. "Jamani, ni choo!"

Bibi mmoja mwenye kofia ya nyasi akanishika mkono kwa huruma. "Mwanangu, vyoo viko pale karibu na lifti."

Mkondo wa watu ukanisomba mpaka kituo C cha kukusanyikia, ambacho ni ukumbi wa maonyesho. Mke wangu alikuwa amekaa safu ya tatu, amevaa nguo zake za kubadili. Alipaswa kushtuka. Badala yake alisogeza begi nikae.

Mlangoni baharia alikuwa anaskani kadi za abiria. Kadi ile ndiyo ufunguo wa chumba na ndiyo pochi yako humo melini.

"Kadi yako, bwana?"

"Iko mfukoni mwa suruali."

Akaniangalia kuanzia juu kushuka chini. "Na suruali?"

"Nimeianika."

"Ni zoezi tu la dharura," mke wangu akaninong'oneza nilipokaa. "Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Ni kwa sababu ya ile ajali ya meli ya Costa Concordia, Italia, 2012, kuna abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafanyishwa zoezi." Alikuwa na mengine, lakini afisa aliyekuwa jukwaani alikuwa amekwisha kuniona. Jaketi nilikuwa nimelivaa juu chini. Akaniita mbele niwe mfano. Alipolifungua, mkanda wa joho ukaondoka nalo, na somo lote lililobaki nililipokea nimejikumbatia kama mtu mwenye homa.

Tuliporudi, sanduku la mke wangu lilikuwa mlangoni limesimama wima. La kwangu liliwakilishwa na karatasi: niende ofisi ya usalama nikalifungue mwenyewe. Nikaenda na joho langu. Kulikuwa na foleni, mmoja na birika la umeme, mwingine na mishumaa. Ofisa akazamisha mkono chini ya suruali tatu, akaitoa pasi polepole kama mkunga. Akaeleza bila ukali kwamba moto baharini hauna pa kuukimbia, akanipa risiti. Pasi nitaichukua siku ya kushuka.

Suruali zote tatu zilikuwa zimejichora umbo la pasi, mashati yamekunjana kama karatasi ya maandazi. Nikavaa hivyo hivyo kwenda kula. Mke wangu akanikagua kuanzia kola mpaka pindo.

"Bora lile joho," akasema.

Tulipangiwa meza ya watu sita. Nilikuwa nimeshavuta kiti ndipo nikaiona ile kofia ya nyasi. Bibi akaniegemea, akashusha sauti, lakini si sana:

"Mwanangu, uliwahi?"