Satelaiti Nne Zinamtafuta Mtoto Mmoja

Mwanangu ana miaka tisa na amevalishwa saa. Ukimuuliza saa ngapi, hajui. Saa hiyo haikununuliwa ili yeye ajue wakati. Ilinunuliwa ili sisi tujue yeye yuko wapi.

Nimejaribu kuelewa inavyofanya kazi. Huko juu, kilomita kama 20,000 kutoka ninapokuna kichwa, kuna satelaiti zinaizunguka dunia, na ili saa ijue ilipo sawasawa inahitaji kunasa mawimbi ya satelaiti nne. Nne! Mitambo iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya jeshi la Marekani, leo inahangaika kuniarifu kwamba mtoto ametoka mbele ya nyumba kaenda nyuma ya nyumba. Tena nimemchorea duara kwenye ramani, mita 100, akilivuka tu simu yangu inapiga kelele. Mbuzi angalau anaiona kamba aliyofungwa.

Sisi wa miaka ya 80 mtambo wetu ulikuwa giza. Asubuhi unafukuzwa, "Tokeni nje, mnanijazia watu ndani," na ukirudi umeletwa na njaa. Kati ya hapo na jioni ulikuwa mali ya dunia.

Kuna siku niliteleza kwenye tawi nikashuka mtini bila kupanga. Goti likachunika hadi pakaonekana peupe. Kikaitishwa kikao cha dharura cha watu wanne, mkubwa wao ana miaka kumi na mmoja, kwa hiyo yeye ndiye daktari. Akatema mate, akapaka udongo, akafunika kwa jani ambalo mpaka leo sijalijua jina. Kisha tukala kiapo: asijue mtu. Maana kuumia enzi hizo kulikuwa na maumivu mara mbili, kwanza kidonda, halafu kipigo cha "nani alikutuma?" Wiki nzima nilitembea mbele ya mama nimenyooka kama askari kwenye gwaride, nikifika nyuma ya nyumba ndipo nachechemea kwa raha zangu.

Sasa mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na kifungu cha 31 kinasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nilipokisoma nilicheka peke yangu. Sisi tulicheza mpaka tukatafutwa na tochi, na hatukujua kama ni haki. Tulidhani ni utundu. Wangu mimi haki anayo, imeandikwa, ila akitaka kwenda kucheza kwa mwenzake mpaka mama yake na mama wa mwenzake wakubaliane kwanza kwa simu, siku na saa, utadhani wanaposa.

Juzi nikasema basi, watoke, wacheze kombolela kama watu. Wakajificha vizuri tu. Dakika tano hazijapita, nasikia hodi. Ni yule mtafutaji, jasho hana, anahema hahemi. "Anko, naomba uniangalizie kwenye simu, mwanao kajificha wapi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia.

Nikamwendea mama, ambaye siku hizi tunakaa naye, nikamlilia. Mama, nyie mlikuwa na moyo gani? Mlituacha kutwa nzima, hamjui tumekula nini, tumeanguka wapi, wala kama tuko hai.

Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye sindano, alikuwa anashona kifungo.

"Nani alikuambia sijui?"

"Kwani ulijua?"

"Mtini ulianguka kabla ya saa sita mchana. Aliyekuona dirishani kwake akamwambia jirani yake, jirani yake akaja kwangu. Nilishapata habari mwenzio bado anakutemea mate."

Nikashika goti. Miaka yote hii.

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulivyokuwa unajikaza kutembea? Nilikuwa najifungia chumbani nacheka. Baba yako ndiye alitaka kukuuliza, nikamwambia mwache, tuone atafika siku ngapi."

Kumbe baba naye! Nilikuwa natafuta la kujibu, simu ikaanza kupiga kelele mfukoni: mtoto ametoka nje ya duara. Nikaruka, nikatafuta viatu, kimoja nikakivaa mguu usio wake. Ramani inaonyesha yuko barabara ya pili, anakwenda kasi, sijui kapakiwa kwenye nini. Niko mlangoni tayari, mama akanyoosha sindano kuelekea dirishani.

"Unakimbilia wapi? Si yule pale juu ya ukuta. Yuko pale tangu umeanza kulalamika."