Toaster ya Yocto: dirisha zuri, usukani mgumu

Anayejenga Linux ya vifaa vilivyopachikwa kwa Yocto, mkusanyiko wa zana za kutengeneza Linux maalumu, amezoea terminali: anaandika `bitbake core-image-minimal` ili BitBake, injini ya ujenzi ya Yocto, itengeneze imeji (faili ya mfumo mzima unaowekwa kwenye kifaa), anasubiri, pengine saa kadhaa, kisha anachambua matokeo. Toaster, kiolesura cha wavuti kilichoingia na Yocto 1.6 mwaka 2014, inaihamishia kazi hiyo kwenye kivinjari. Kwamba inafanya kazi hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kipi ukikabidhi kwake na kipi kibaki kwenye faili.

Kuiwasha ni rahisi. Ndani ya mazingira pepe ya Python, sakinisha mahitaji yaliyomo kwenye `bitbake/toaster-requirements.txt`, endesha `source oe-init-build-env`, halafu `source toaster start`, kisha fungua `localhost:8000`. Neno `source` si pambo. Linaacha vigeu vya mazingira kwenye terminali hiyo hiyo, kikiwamo `BITBAKE_UI`. Ukifungua terminali ya pili na kuita bitbake humo, ujenzi utakamilika vizuri tu, ila ukurasa hautakuwa na habari nao. Wengi hudhani Toaster imeharibika, kumbe haikuambiwa.

Kwa kutazama, Toaster ni nzuri kwelikweli. Chukua imeji iliyovimba ghafla: unafungua ujenzi husika, unapanga vifurushi kwa ukubwa, unabofya kile kinachokutia shaka, na unaona ni vifurushi gani vinavyokitegemea, yaani nani aliyekileta. Kwenye orodha ya kazi unaona zipi zilichukuliwa kwenye kache ya sstate (hifadhi ya matokeo ya ujenzi uliopita) na zipi zilijengwa upya, pamoja na muda wa kila moja. Jedwali la vigeu linakuonyesha faili iliyoweka thamani. Kwenye terminali, `bitbake -e` inakumwagia maelfu ya mistari ujitafutie mwenyewe.

Hata hivyo, mtetezi wa terminali ana hoja. Ukiweka `INHERIT += "buildhistory"` na `BUILDHISTORY_COMMIT = "1"` kwenye `conf/local.conf`, kila ujenzi unaacha maelezo yake kama maandishi ndani ya Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili), na `buildhistory-diff` inakuonyesha kilichobadilika kati ya jana na leo. Kwa kulinganisha namna hiyo, maandishi yanaushinda ukurasa wowote.

Kuendesha ujenzi kutoka kivinjarini ni suala jingine. Mgeni anafaidika: anachagua mashine (aina ya kifaa kinachojengewa), anaongeza tabaka (fungu la resipe, yaani maelekezo ya ujenzi, na usanidi) kutoka faharasa ya OpenEmbedded, mradi ambao Yocto imejengwa juu yake, anaondoa kifurushi huku akionyeshwa vingine vitakavyong'oka nacho. Anakwepa pia mtego wa mstari wa kuongeza kifurushi, `IMAGE_INSTALL:append = " strace"`, ambamo nafasi moja ikisahaulika kabla ya `strace`, jina hilo linagandana na la mwisho lililotangulia na BitBake inatafuta kifurushi kisichokuwapo. (Orodha ya vifurushi, lakini, haiji mpaka imeji ya msingi iwe imejengwa walau mara moja.)

Tatizo ni mahali uamuzi wake unapohifadhiwa. Uko ndani ya `toaster.sqlite`, hifadhidata ya Toaster, si kwenye Git. Mwenzake akivuta hazina ya msimbo hapati hata chembe ya alichobofya, na hakuna wa kupitia mabadiliko kabla hayajaingia. Nafuu ni kwamba resipe ya imeji aliyoitengeneza inaweza kupakuliwa. Aitie kwenye tabaka lake mwenyewe siku hiyo hiyo.

Kuna pia vigeu ambavyo ukurasa haukubali kuvigusa, vikiwamo `BB_NUMBER_THREADS` (kazi ngapi BitBake iendeshe kwa pamoja) na `PARALLEL_MAKE` (michakato mingapi ya kukompaili ndani ya kila kazi). Hivyo ndivyo utakavyovihitaji mambo yakiharibika. Kwa kawaida vyote viwili hufuata idadi ya viini vya prosesa, kwa hiyo mashine ya viini 8 inaweza kufikia michakato 64 ya kukompaili kwa wakati mmoja. Kumbukumbu ikiisha, kerneli inaua `cc1plus`, sehemu ya kompaila ya C++, na logi inalalamika kuhusu hitilafu ya ndani ya kompaila. Kompaila haina kosa. Weka `BB_NUMBER_THREADS = "4"` na `PARALLEL_MAKE = "-j 4"` kwenye `conf/local.conf`, uendeshe tena. Kazi zilizokwisha hazitarudiwa.

Kwa timu, uzito unaongezeka. SQLite, aina ya hifadhidata hiyo ya Toaster, haipendi waandishi wengi kwa pamoja, kwa hiyo seva ya kudumu inataka hifadhidata ya MySQL. Halafu kuna chaguo la kuwashia Toaster, `webport=0.0.0.0:8000`, linaloufungua ukurasa kwa mtandao mzima bila kumwuliza mtu nywila, na anayeufikia anaweza kuamrisha ujenzi kwenye mashine yako. Iache kwenye localhost. Wenzako waufikie kwa kupitia SSH, kwa `ssh -L 8000:localhost:8000`.

Mgawanyo ninaoupendelea: usanidi wote ubaki kwenye faili zilizo ndani ya Git, bitbake iitwe kwenye terminali ile ile iliyowasha Toaster, na kivinjari kiwe cha kusomea tu. Ujenzi wote huo utauona chini ya mradi wa ujenzi wa mstari wa amri. Ukimaliza, `source toaster stop`.