Nilivyompeleka mjomba hotelini

Jamani mimi mtoto wa Kikwajuni, Mji Mkongwe nimeuzunguka tangu navaa kaptura ya skuli, kwa hiyo mjomba alipokuja kutoka Wete, Pemba, nikamwambia atulie, leo namtembeza mwenyewe, hana haja ya papasi, wale vijana wanaowavamia wageni kuwatembeza.

Tukaanzia Forodhani. Mjomba kafika mbele ya Beit el Ajaib kaduwaa, maana mara ya mwisho kuja Unguja mnara wa saa ulikuwa bado umesimama. Nikamwambia ulianguka pamoja na upande mmoja wa jumba, Disemba 25, 2020. Alisikitika kama kafiwa. "Jumba la Sultani Barghash, la tangu 1883, yakhe, mmeliacha likaanguka?" Utadhani funguo nilikuwa nazo mimi. Kwa uchungu akanywa juisi ya miwa glasi mbili, tukenda Jaws Corner, akakuta wazee wanabishana siasa, akakaa kuwaamua, kahawa vikombe vinne. Hesabu hiyo iwekeni.

Tulipofika Kiponda mie nishapandisha mori wa kueleza milango. Mjomba tazama huu, juu umenyooka, huo wa Kiarabu wa zamani, ule wenye upinde mkono wa Kihindi, ona mnyororo ulivyochongwa pembeni, ona misumari ya shaba. Mjomba kasimama mguu mmoja, mwengine kauzungusha kama mche wa pojo. Akasema, "Mlango mzuri, mwanangu. Huko ndani choo kipo?"

Sasa Mji Mkongwe wa leo mnaujua, tangu tutiwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 kila nyumba ya pili hoteli, hata ile aliyozaliwa rafiki yangu wa skuli sasa kulala usiku mmoja unalipa kwa dola, na mimi nikakumbuka kuna hoteli palepale kwenye kona. Nikampa mjomba maelekezo: hoteli huingii kinyonge, unaingia kifua mbele kama mteja.

Mlango uko wazi, nje viatu vimejaa mpaka barazani. Nikasema moyoni hoteli za siku hizi bwana, kapeti ghali, wageni wote wanavuliwa viatu. Hodi sikupiga, nani anapiga hodi hotelini? Ndani udi unanukia, nikazidi kuamini. Nikamwinamia mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, nikamuuliza kwa adabu, "Samahani, mapokezi wapi?"

"Mapokezi ndiyo hapa, karibuni, kaeni kitako, mmechelewa lakini zimebaki mbili."

Akanitia juzuu ya Kurani mkononi.

Ndipo macho yakafunguka. Wanaume kama arubaini, kanzu na kofia, wanamsomea marehemu khitma, na mimi nimevaa fulana ya Arsenal katikati yao. Kutoka haiwezekani, kukaa haiwezekani. Nikamtazama mjomba nimpe ishara tukimbie, kumbe mwenzangu kichwa kinafanya kazi. Mzee anampa juzuu yake, yeye anarudisha mikono nyuma, anasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Shekhe, sina udhu."

Mara hiyo hiyo kijana akainuliwa kumpeleka chooni, na ndoo ya maji akabebewa! Mimi nimeachwa na juzuu, na udhu wenyewe sina pia ila nimeshachelewa kusema, nimeishika kwa ncha za vidole, nachezesha midomo tu, Mungu anisamehe. Yule mzee akaninong'oneza, "Marehemu alikuwa nani yako?"

"Jirani."

"Jirani wa wapi?"

"Hapa hapa mtaani."

Akanitazama kwa kituo. "Marehemu kakaa Maskati miaka thalathini."

"Ah… kabla ya hapo."

Na mimi nina miaka ishirini na saba.

Mjomba akarudi uso unang'ara, akachukua juzuu yake, akasoma mpaka mwisho kwa sauti nzuri kuliko wote pale, likaja sinia la pilau akala kwa nafasi, wakamwomba na dua, akaomba. Tunatoka nje, mlango wa pili tu, kibao cha hoteli hiki hapa.

Jana kanipigia simu kutoka Wete. "Ile hoteli yenu, khitma ya arubaini wanasoma lini?"