Vita vya Ukraine na gunia la alizeti

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ikipanda Soko la Majengo hapa Dodoma jibu huwa tayari: vita. Kwa mama ntilie wa chapati jibu hilo lina ukweli. Ngano yetu kwa sehemu kubwa hutoka nje, na Ukraine ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Machi mwaka huo kipimo cha bei za vyakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilivunja rekodi. Dizeli nayo ikapanda, na mahindi ya soko la nafaka la Kibaigwa hayaji mjini kwa miguu.

Ila ugali una habari yake. Mtama na uwele wa Chamwino, wilaya jirani, havipiti Bahari Nyeusi wanakosafirishia Waukraine. Wakulima wengi wa huku hawatii mbolea ya dukani, kwa hiyo urea ilipopaa hadi serikali ikaweka ruzuku msimu wa 2022/23, kilio kikubwa kilikuwa Nyanda za Juu Kusini. Dodoma njaa huletwa na mvua ya msimu mmoja. Ikikata Februari, hata Moscow na Kyiv wapatane leo, ghala litabaki tupu.

Wapo wanaosema bei kubwa ni neema kwa mkulima. Mkulima yupi? Kaya nyingi huuza Juni na Julai, gunia likiwa la bei ya kutupa, kwa sababu ada na madeni hayasubiri. Januari zinarudi sokoni kununua debe lilelile kwa bei ya mwenye ghala. Neema ni ya huyo wa ghala.

Alizeti ndiyo iliyonipa shida kuamua kama bei kubwa ni neema. Hapo bei ya vita ilimfikia mkulima kweli, na watu wa Singida na Dodoma wakaongeza mashamba. Kisha ushuru ukalegezwa, mafuta ya nje yakaingia kwa wingi, mlaji akapata nafuu, na mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka. Malalamiko yakafika bungeni. Siwezi kumlaumu mlaji aliyetaka nafuu. Lakini mkulima hupanda kwa kutazama bei aliyouzia msimu uliopita, na mabadiliko ya ushuru hayamfikii shambani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hututangazia bei ya petroli kila mwezi. Mwelekeo wa ushuru wa mafuta ya kula nao ungeweza kutangazwa vijijini Novemba, kabla mbegu haijanunuliwa.