Mabadiliko ya nani? Ujumbe wa Ukawa mwaka 2015

Kwa kelele za uwanjani, Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani Tanzania kwenye uchaguzi mkuu wa 2015, ilifaulu. Mgombea wake wa urais alikuwa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, chama tawala. Mzungumzaji akisema "Lowassa", umati unajibu "mabadiliko". Akisema "mabadiliko", unajibu "Lowassa", huku mikono ikizungushwa kama ya kocha anayeomba kubadilisha mchezaji. Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa na neno moja mdomoni. Kama walikuwa na hoja moja, hilo ni jambo jingine.

Wanaoutetea mkakati ule wa kumsimamisha Lowassa na kunadi neno moja pana wana namba. Mwaka 2010 Dk. Slaa wa Chadema alipata takriban asilimia 27 ya kura za urais. Mwaka 2015 Lowassa akapata karibu 40. Chama kinachoitaka Ikulu, wanasema, hakiwezi kuhubiria wanachama wake tu. Lazima kiwavute wana-CCM waliochoka, na hao walihitaji mtu wanayemjua na neno lisilowatisha. Tena ushirikiano wenyewe ulikuwa mgumu: sheria inataka mgombea urais na mgombea mwenza watoke chama kimoja, ndiyo maana Juma Duni Haji alilazimika kuhama CUF na kuchukua kadi ya Chadema. Neno pana lilirahisisha mambo.

Sawa, ila hesabu hiyo ina tundu. Mwaka 2010 Profesa Lipumba wa CUF naye alipata kama asilimia 8, na mwaka 2015 hakugombea. Jumlisha kura zake na za Slaa, unafika 35. Lowassa, na mtandao wake wote, aliongeza kama pointi tano. Si haba, lakini si muujiza tunaosimuliwa.

Na pointi hizo zilikuwa na bei. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Slaa alisoma orodha ya aliowaita mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, huku akikana kuhusika. Kwa miaka minane ufisadi ndiyo ulikuwa ajenda ya Chadema, kuanzia makao makuu hadi tawini. Julai 2015 mtu yuleyule akapokelewa, muda si mrefu akapewa tiketi. Slaa akaachana na siasa za chama, Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF. Mgombea ubunge aliyezoea kuipiga CCM kwa Richmond ilibidi ameze maneno yake, na akiulizwa, jibu likawa kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. Kisheria ni jibu zuri. Kwenye kampeni, ukishaanza kulitoa, wewe ndiye unayejitetea.

Mwanya huo CCM hawakuuacha. Cha ajabu, wao ndio walikuwa na mkanganyiko mkubwa zaidi: makada wakisifu miaka kumi ya Rais Kikwete, mgombea wao, John Magufuli, akinadi "serikali ya Magufuli" kana kwamba anaingia kutoka nje, na akiahidi mahakama ya mafisadi. Lakini "Hapa Kazi Tu" ilimfanana. Waziri wa Ujenzi aliyejulikana kwa barabara, anayepiga pushapu jukwaani, hakuhitaji kufafanua kaulimbiu yake.

Ukawa nao walikuwa na hoja yao, na sidhani waliithamini inavyostahili. Jina lenyewe ni Umoja wa Katiba ya Wananchi. Muungano ulizaliwa mwaka 2014, wapinzani walipotoka kwenye Bunge Maalumu la Katiba wakitetea rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba na muundo wake wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Hiyo ndiyo hoja iliyowakutanisha kabla Lowassa hajaingia, na ndiyo ambayo CCM isingeweza kuiiba. Kwenye kampeni haikufutwa, ila ilisukumwa nyuma. Mgombea alitanguliza elimu. Mtu atasema Katiba haijazi sufuria, na kijijini ni kweli haiuziki kirahisi. Lakini hata ufisadi mwaka 2007 ulikuwa habari ya mikataba na makaratasi, mpaka mtu alipopanda jukwaani Temeke na kuutajia majina.

Machi 2019 Lowassa alirudi CCM. Mwaka 2021 Chadema ilikuwa ikiandaa makongamano ya kudai Katiba mpya.